Mguu Usiojua Kupiga Magoti

Mukumbura, 9 Machi 1996

Nyaradzo,

Wewe mtoto huna haya. Mavuno mawili yamepita na mkeka wako bado umeviringishwa kule juu ya dari, panya wanazalia humo. Harare imekufunga kamba? Hata yule kuku niliyekuwekea mpaka uje amezeeka, nikamchinja nikamla mwenyewe. Nyama yake ilikuwa ngumu, na kila nilipotafuna nilikutukana.

Anayeandika ni Mama Tendekai, mke wa mwenye mashine ya kusaga. Mimi kalamu naijua kwa kuitazama tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Hapa habari ni uchovu. Mvua ilikuja kama mgeni asiyetaka kula, ikageuka ikaenda zake. Mtama umekaukia shambani ukiwa na urefu wa mtoto wa kutambaa. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, sijui usingizi unafanya kazi gani siku hizi.

Lakini mguu umefika. Miaka saba ya magongo, na sasa gari limeniletea mguu umefungwa ndani ya gazeti kama mtoto mchanga. Kijiji kizima kimekuja kuutazama. Ni mzuri. Naenda nao mpaka kisimani. Aliyeutengeneza, mikono yake isiumwe.

Baba yako mdogo Tafirenyika alipousikia mguu alifurahi kuliko mimi. Unajua amekuwa akingoja. Anasema Septemba tutapika pombe ya kuirudisha roho ya babu yako nyumbani, kwa kuwa sasa mjane ana miguu miwili. Na mjane ndiye anayepiga magoti kaburini, anapiga makofi, anamwita mumewe kwa jina la ukoo wake, anamwambia twende nyumbani. Asipoitwa hivyo haji. Mwaka na nusu sasa yuko nje huko porini, na alikuwa mtu asiyependa baridi.

Piga chapa vizuri huko ofisini. Baba yako mdogo alimbembeleza rafiki yake mpaka ukapewa kile kiti. Usimtie aibu.

Njoo.

Bibi yako, kwa kidole gumba hiki.

*

Harare, 2 Aprili 1996

Bibi,

Nimepiga magoti hapa nilipo, nakupigia makofi. Umeamkaje? Mimi nimeamka ikiwa wewe umeamka.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Uliposema mguu ni mzuri niliisoma barua mara nne, halafu nikatoka nje nikacheka peke yangu, mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nimechumbiwa.

Sasa nieleze, bibi, tena moja moja. Kigutu kinatoka jasho? Kikichubuka kinachubukia wapi, mbele au pembeni? Ukipanda ule mwinuko wa kisimani, mguu unateleza ndani au umekaa? Unavaa soksi ngapi? Mkanda wa juu ya goti unakubana?

Kazi ipo. Viti vya ofisini ni vizuri. Nimechoka tu, mikono inaniuma jioni, na vumbi linanikaa kifuani.

Septemba nitajitahidi.

Mjukuu wako,
Nyaradzo

*

Mukumbura, 11 Mei 1996

Nyaradzo,

Nani amekutuma uulize habari za kigutu changu? Babu yako alilala nacho kitanda kimoja miaka zaidi ya mitano, na hata siku moja hakuniuliza kama kinatoka jasho. Au umepata mwanaume mwenye mguu mmoja? Sema mapema, nijue tutacheza vipi siku ya harusi.

Tena hilo vumbi. Tangu lini karatasi zina vumbi la kukaa kifuani? Mimi sikusoma, lakini sikuzaliwa jana.

Mguu nimesema ni mzuri. Unasimama vizuri kabisa. Usiniulize tena.

Mama Gwenzi wa kule ng'ambo ya kijito amefariki. Tumemzika. Nilikwenda siku moja tu, sikurudi, nilikuwa na kazi nyumbani. Siku hizi sitoki sana. Sina hamu.

Tafirenyika ameshanunua ulezi wa pombe. Anakuja hapa kila Jumapili kunihesabia wageni, mpaka kichwa kinaniuma.

Nimemaliza. Mama Tendekai, mbona mimi nimenyamaza na kalamu bado inakwenda?

Bibi yako, kwa kidole gumba.

*Nyaradzo, ni mimi Mama Tendekai. Nimemwambia naandika anwani. Bibi yako anakudanganya. Ule mguu ndio unaoshikilia mlango wa banda la kuku. Aliuvaa siku tatu. Siku ya nne tulikwenda msibani kwa Mama Gwenzi, akaingia kwenye nyumba walimokaa wakwe, akataka kupiga magoti awasalimie. Goti lilikunja nusu likagoma. Ukingo wa nyuma ulimchoma nyama, na unyayo ulikuwa mgumu kama mchi. Akabaki amesimama katikati ya wanawake wote waliokaa chini, akawasalimia wakwe akiwa wima, kama polisi. Vikongwe wakasema, mguu wa mjini umempa kiburi. Hajatoka kwake tangu siku hiyo. Tafirenyika hajui. Bibi yako ameniapisha. Anasema pombe ikishaiva hakuna wa kuimwaga, na siku hiyo atakwenda kaburini kwa kutambaa.*

*

Harare, 6 Juni 1996

Bibi,

Nakupigia makofi. Najua Mama Tendekai anakusomea barua hii huku jasho linamtoka. Usimpige. Amefanya vema kuniambia.

Sasa na mimi niseme yangu. Ofisini niliondoka mwaka jana, mwezi wa Novemba. Baba mdogo hajui. Rafiki yake alikubali kunyamaza mpaka nitakapomweleza mwenyewe, na kila mwezi nasema mwezi ujao.

Ilikuwa hivi. Walinituma nipeleke bahasha hospitali. Nikapotea njia, nikatokea nyuma, penye karakana. Mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni na mguu mapajani, anaukwangua kwa tupa, taratibu, kisha anaupitishia kidole gumba kutafuta penye kukwaruza. Anaitwa mzee Dhliwayo. Mguu wake mmoja ameuchonga mwenyewe. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, "Wewe binti, umeleta mguu au umefuata mguu?" Nikarudi kesho yake. Na kesho kutwa. Akanipa ufagio ili nisisimame bure. Baada ya ufagio akanipa plasta ya unga nikoroge, baada ya plasta akanipa msasa.

Januari faili lako lilikuja, bibi. Niliona jina lako, nikaona vipimo walivyokupima wilayani. Nikamwomba mzee Dhliwayo anipe mimi. Mguu unaoshikilia mlango wa kuku ndio wa kwanza kuufanya maishani mwangu. Nilifanya kazi siku kumi na mbili. Nikaulainisha mpaka mzee akasema nitautoboa.

Hapa watu tunawapima wakiwa wamekaa kwenye kiti. Wanasimama, wanatembea kati ya vyuma viwili, tunasema tayari. Hakuna mkeka humu ndani. Nimelelewa juu ya mkeka wako, bibi. Hakuna siku niliyokupa maji ya kunywa nikiwa wima, na barua zangu zote naanza kwa kupiga magoti. Nikakutengenezea mguu usiojua magoti.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kulitamka. Siku ile ya mbuzi, uliniambia nisiwaondolee macho, nikapanda mkunazi. Nilimwona yule mwenye sikio lililokatika akipita chini ya seng'enge, na nilijua kule ng'ambo vita viliacha mabomu ardhini. Kunazi zilikuwa zimeiva. Nikasema nitashuka nikijaza upande huu wa gauni. Ukaenda wewe. Nilisikia mlio nikiwa na kunazi mdomoni. Miaka saba sijazila tena.

Kwa hiyo kazi hii nilianza kwa ajili yako. Nifanye nini kingine?

Mjukuu wako,
Nyaradzo

*

Mukumbura, 1 Julai 1996

Nyaradzo,

Mama Tendekai sikumpiga. Nilimnyima salamu siku tatu, halafu nikaishiwa unga, na mashine ya kusaga ni ya mumewe.

Barua yako amenisomea mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika, na hasira ndiyo ninayokuandikia.

Kwanza, umemdanganya baba yako mdogo. Na mimi nimemdanganya. Sisi wawili hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole, kwa hiyo hilo tuliache.

Pili. Nani alikuambia mguu wangu ulikuwa mali yako, uupoteze? Yule mbuzi nilimwona kabla yako. Nilikuwa chini pale na kuni zangu. Ningekuita ushuke, na ungeshuka, ulikuwa mtoto msikivu ila mlafi. Sikukuita. Seng'enge naijua tangu ilipowekwa. Nikasema moyoni, mbuzi ana mimba, ni hatua nne tu, mimi ni mtu mzima na miguu yangu ni myepesi. Ningekuita ungekwenda wewe kumfuata, na ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kila nikikumbuka siku ile, najiona nimefungua mdomo nikufokee, halafu nimeufunga. Hiyo ndiyo hatua pekee niliyoipatia. Umesikia? Usiniharibie.

Halafu nani alinifunga damu? Ulivua mkanda wa sare ya shule, ukakaza kwa meno. Nesi alisema aliyefunga alijua kazi. Nikamwambia hajui kitu, ana miaka kumi na miwili na ana kunazi mashavuni.

Tatu, na hili ulisikilize ukiwa umekaa. Ukiwa unatengeneza miguu ya watu ili unilipe mimi, acha. Rudi ukapige chapa. Mimi nitakufa, sitachelewa sana, na ukishamaliza kunizika utabaki karakana na plasta mikononi hujui uko pale kwa nini. Lakini umeniandikia siku kumi na mbili ulilainisha mpaka mzee akakukataza. Mtu anayelipa deni halainishi hivyo. Anakwangua, anatupa, anakwenda zake. Kwa hiyo jiulize mwenyewe, usiniulize mimi.

Mguu nimeutoa bandani. Kuku wanatoka ovyo, najiona mjinga. Njoo na hiyo plasta yako unipime upya, juu ya mkeka, nikiwa nimepiga magoti. Njoo siku ambayo si Jumapili.

Bibi yako, kwa kidole gumba. Kalamu imenyamaza pamoja na mimi, nimehakikisha.

*

Harare, 14 Septemba 1996

Bibi,

Nakupigia makofi. Mguu anao kondakta wa basi la Jumanne, ndani ya gunia la mahindi. Jina lako nimeliandika kwa wino juu ya gunia, na ndani ya mguu pia, kwa penseli, pale ambapo hakuna atakayeona.

Tangu siku ile ya Agosti niliyokupima, sijashika kazi nyingine. Ukingo wa nyuma nimeushusha vidole viwili na kuukunja kwa nje, hautakuchoma tena. Unyayo ni mpira wa tairi. Ukipiga magoti utalala nyuma kama unyayo wa mtu. Mzee Dhliwayo alikataa kwanza, akasema mguu hautengenezwi hivyo. Nikatandika gunia sakafuni, nikamwambia piga magoti na mguu wako. Akashindwa. Akasema siku alipomzika mama yake alisimama wima, hakuweza kupiga magoti. Sasa ananiomba na wake niukate.

Vaa soksi mbili. Jizoeze kila siku, usingoje siku yenyewe.

Bibi, Septemba sitakuja. Usinikasirikie mpaka umalize kusikia. Mzee Dhliwayo amelazwa, kifua. Kuna watu kumi na mmoja wamelala kwenye baraza yetu, wametoka mbali, wengine na watoto. Nikifunga mlango wanarudi kwao walivyokuja. Nimehesabu siku kila namna, haziniachii nafasi. Nimemwandikia baba mdogo kila kitu. Labda ataichana.

Mwambie babu nilikuwa nataka kumpokea.

Nyaradzo

*

Mukumbura, 13 Oktoba 1996

Nyaradzo,

Pombe ya babu yako imenyweka, na wewe hukuonja hata povu. Agosti ulikuja kama mwizi, siku moja, ukanigandisha plasta mguuni, ukaondoka hata jasho halijakukauka. Nilikuwekea sahani ya kunazi pembeni ya mkeka. Uliisogeza kwa kiwiko ili upate pa kuweka mkasi. Ulidhani sikuona.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilijizoeza kama ulivyosema, lakini kwa siri, nyuma ya nyumba, na kwa uvivu. Kushuka nikajua. Mguu unakunja vizuri, unyayo unalala, kigutu hakichomwi. Nikasema basi, hii kazi imekwisha, nikakaa nikapumzika. Nimechoka, mwanangu, wiki nzima nilikuwa nachuja pombe.

Siku ya siku tukaenda kaburini, ngoma mbele, mimi nyuma na kibuyu. Vikongwe wote wa msiba wa Mama Gwenzi walikuwepo, wamejipanga kunitazama miguu. Nikafika. Nikashuka. Magoti yote mawili chini, mavumbini, taratibu. Nikasikia mmoja anavuta pumzi. Nikapiga makofi. Nikamwita babu yako kwa ukoo wake, nikamwambia umekaa nje vya kutosha mzee, baridi imekupiga, twende nyumbani, nyumba ni ile ile, mimi pia ni yule yule, nimepunguka kidogo tu.

Nikamaliza. Nikataka kusimama.

Mguu haukutaka. Kushuka nilijifunza, kupanda sikujifunza! Nyuma ya nyumba nilikuwa nashika ukuta. Kaburini hakuna ukuta. Nikasukuma, mpira wa tairi ukateleza, nikarudi chini. Ngoma zinangoja, watu wanangoja. Nifanye nini? Nikaendelea kuongea na babu yako. Nikampa habari za mvua. Nikampa habari za mtama. Nikamwambia bei ya sukari. Nikamsimulia habari zako, zote, kiti cha ofisini ulichokiacha, ufagio, mzee mwenye mguu wa kuchonga, watu kumi na mmoja barazani. Nilisema kwa sauti kwa sababu nilikuwa sina tena la kusema. Watu wakaanza kulia, wakidhani ni mapenzi. Mama Tendekai alilia mpaka kitambaa kikamwanguka.

Tafirenyika peke yake hakulia. Alikuwa amesimama nyuma yangu na barua yako mfukoni, siku nne anatembea nayo hajasema neno. Akainama, akaniuliza sikioni, "Mama, umekwama?"

Nikamwambia, "Nimekwama tangu kwenye mtama."

Akacheka, huyo mtu asiyecheka. Akanishika kwapani, akaninyanyua, na mkono mwingine akaushika mguu usiteleze. Hakuuachia haraka. Akaupapasa pale nyuma, ule ukingo ulioukunja kwa nje, akaupitishia kidole gumba, akatafuta penye kukwaruza, hakupata. Akauliza, kama asiyeamini barua ile, "Nani ametengeneza hii?"

Nikamwambia, "Mpiga chapa wako."

Tulirudi nyumbani na babu yako nyuma yetu, amefika, nyumba imechangamka. Jioni nilimsikia Tafirenyika anawaambia wageni, ana chupa mkononi, kwamba mtoto wa kaka yake ni fundi wa miguu huko Harare, watu wanamlalia barazani. Alivyojitapa ungedhani yeye ndiye aliyekufundisha.

Kutokuja kwako kuliniuma. Nitakuambia ukweli, niliangalia barabara mpaka pombe ya mwisho. Lakini wale watu kumi na mmoja hawakukuona ukiwa juu ya mkunazi. Hujawakosea kitu hata kimoja. Na ukabaki nao. Ule ushauri wangu wa Julai, kwamba ujiulize mwenyewe, sasa sihitaji jibu.

Kikongwe aliyenivutia pumzi alikuja kesho yake, yule yule wa kwanza kusema nina kiburi. Ana binti huko ng'ambo ya kijito aliyepata mguu kama ule wangu wa kwanza, naye anautumia kupigia nyoka. Kuna wengine wawili. Nimewaambia wangoje, fundi atakuja.

Sasa sikiliza nikupe maagizo, Mama Tendekai aandike kwa herufi kubwa. Ukija, usianze na mguu. Usifungue mfuko wa plasta, usiulize habari za kigutu. Utashusha mkeka wako kutoka juu ya dari, utawafukuza panya, utakaa chini. Nimekuanikia kapu la kunazi, nimeliweka mahali usipopajua. Utazila mbele yangu, na mbegu utatema uani, nizisikie zikianguka, mpaka mimi niseme basi. Halafu ndipo utanifundisha kusimama.

Bibi yako, kwa kidole gumba.